Ngoma za Kipupwe: Usukuma na Bonde la Simiyu katika Picha za Chapa za Karne ya 19



Huenda mada yenyewe ikawashangaza baadhi yenu. Mhadhara wa taaluma za Kiswahili hutarajiwa kuhusu ngeli, arudhi au istilahi. Mimi nimekuja kuzungumzia picha, tena picha za zamani zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa Ulaya. Hata hivyo, nakusudia kuonyesha kwamba picha hizo ni suala la lugha kabla hazijawa suala la sanaa, na kwamba Kiswahili kilishiriki katika kuziumba kuliko tunavyokubali kwa kawaida. Eneo nitakalolitazama ni Usukuma, hususan upande wake wa mashariki, yaani bonde la mto Simiyu na nchi ya Wantuzu ambako leo umesimama mji wa Bariadi. Sherehe nitakayoitazama ni ile ya mashindano ya ngoma yafanywayo baada ya mavuno, wakati mashamba yamepumzika.

Nianze na jina la majira. Sisi wa pwani husema kipupwe, na tunapotamka neno hilo tunakumbuka baridi ya Juni hadi Agosti, wakati wa pepo za kusi. Bariadi haina kusi. Iko karibu nyuzi tatu kusini ya Ikweta, mbali na bahari, na anayekaa huko hutambua majira hayo kwa ghala lililojaa, mito iliyokauka, na usiku wenye baridi ya kutosha kuwakusanya watu motoni. Ndiyo maana Msukuma anayezungumza Kiswahili husema kiangazi tu, akatosheka. Mimi nimebakiza kipupwe katika anwani kwa sababu moja: miji mingi ya kaskazini ina sherehe za majira ya baridi ambazo historia yake inasomwa katika picha za chapa, na nilitaka kuuliza iwapo nasi tunaweza kuisoma historia ya sherehe zetu kwa njia hiyohiyo. Jibu langu ni kwamba tunaweza, ila kwa masharti.

Kwanza tuielewe sherehe yenyewe. Katika Usukuma wachezaji wa ngoma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vikuu, Wagika na Wagalu. Mapokeo huvinasibisha na manju wawili mahasimu, Ngika na Gumha, waliokuwa pia mafundi wa dawa. Mcheza ngoma hujiunga na upande mmoja, hupokea dawa za upande huo, na mara nyingi hubaki huko maisha yake yote. Sambamba na vyama hivyo kuna vingine vyenye asili ya kazi: Wayeye ambao ni mafundi wa nyoka, Wanunguli ambao walikuwa wawindaji wa nungunungu, na vikundi vya kulima kwa zamu ambavyo ngoma yao ya majembe, bugobogobo, imeenea nchi nzima. Wakati wa masika vikundi hivi huimba shambani. Kiangazi kikiingia, huimba uwanjani.

Jambo la msingi ni namna mshindi anavyopatikana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja katika duara lake. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye aliyeshinda. Hivyo basi manju hutumia kila kitu alicho nacho: sauti, tungo mpya, kejeli dhidi ya mpinzani, chatu aliye hai, sanamu za mbao, mazingaombwe, na juu ya yote dawa ya mvuto ambayo wenyewe huiita samba. Umati ndio mwamuzi, nao huamua kwa miguu. Mtu akiondoka duara hili kwenda lile amepiga kura, na kila aliyesimama uwanjani amemwona.

Nawaomba mlishike jambo hili, kwani hoja yangu yote imejengwa juu yake: mashindano ya Kisukuma yana maduara mawili na umati unaotembea kati yake.

Sasa tugeukie chapa. Kwa ajili ya ulinganisho, tutazame London. Mto Thames ulipoganda katika majira ya baridi ya 1683 na 1684, wakazi wa mji walifanya soko na michezo juu ya barafu, na wapiga chapa wakapeleka mitambo yao hukohuko mtoni. Mtu aliweza kununua karatasi yenye jina lake na tarehe, ishara kwamba ilichapwa juu ya maji yaliyoganda. Hata Mfalme Charles II na jamaa zake walichapiwa majina yao. Sherehe hizo zilirudi mara kadhaa hadi ile ya mwisho mwaka 1814. Kwa mwanahistoria, chapa za Thames ni hazina, kwa kuwa zilitengenezwa ndani ya sherehe, na watu waliokuwa sehemu ya sherehe, kwa ajili ya wanasherehe wenzao, nazo zimebeba majina.

Picha za chapa za Afrika ya Mashariki zilipitia njia nyingine kabisa. Msafiri alichora kwa kalamu ya risasi katika daftari lake, pengine usiku, pengine siku kadhaa baada ya tukio. Daftari likasafiri hadi Ulaya. Huko mchoraji wa kulipwa aliuchora upya mchoro ule juu ya kipande cha mti mgumu, akiongeza miti, mawingu na misuli. Kisha wachongaji wakachimba mbao kwa patasi ndogo, na picha ikiwa kubwa, ubao ulifanywa wa vipande vingi vilivyofungwa pamoja ili kila mchongaji afanye sehemu yake. Mkono uliochonga mguu wa mchezaji pengine si ule uliochonga ngoma aliyokuwa akiicheza. Mwisho mhariri akaweka maneno chini ya picha.

Katika mlolongo huo, Kiswahili kiko wapi? Tumtazame John Hanning Speke. Julai 1858 alimwacha Burton Kaze, yaani Tabora, akaenda kaskazini kupitia Usukuma, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa karibu na Mwanza. Ni katikati ya kiangazi, wakati wa ngoma. Hata hivyo Speke hakuwa na lugha ya kuzungumza na wenyeji. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India na kurejea. Bombay naye alizungumza Kiswahili na wapagazi na wenyeji waliokijua, na hao wakazungumza Kisukuma au Kinyamwezi. Kila jina lililofika katika daftari la Speke lilivuka lugha tatu kabla ya kuwa Kiingereza.

Alama za safari hiyo ziko wazi. Watemi wa bara mara nyingi wanaitwa masultani katika vitabu vya Speke na Burton. Hakuna Msukuma aliyemwita mtemi wake sultani. Hilo ni neno la msafara, neno la pwani, ambalo mfasiri alilitoa kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Wasomaji wa Ulaya wakadhani bara lote limejaa falme za Kiarabu ndogondogo. Neno moja la Kiswahili, likiwekwa mahali pasipo pake, lilichora picha ambayo hakuna patasi ingeweza kuifuta.

Lililo zito zaidi kwetu ni neno ngoma. Katika Kiswahili ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni mkusanyiko, ni hata tiba ya pepo. Tunaona fahari kwa upana huo, na ni haki yetu. Kisukuma kinatenganisha: ng'oma ni chombo, mbina ni uchezaji. Tofauti hii haihusu msamiati peke yake. Ng'oma kubwa zilikuwa mali ya utemi. Zilitunzwa katika makazi ya mtemi na kupigwa kwa shughuli za utawala na ibada. Mbina ilikuwa mali ya manju na wafuasi wake, na manju hakuwa mtumishi wa mtemi. Msafiri aliyeuliza kwa Kiswahili akajibiwa ngoma hakupata njia ya kujua kama alichokiona ni tambiko la utawala au ni shindano la vijana wa mahasimu wawili. Akiandika dansi, amepoteza utemi. Akiandika tambiko, ameipoteza kejeli ya manju.

Katikati ya mwaka 1861, katika safari ya pili, James Grant alikaa kwa miezi kadhaa katika kijiji cha mtemi Ukulima huko Unyamwezi, Speke akiwa ametangulia Uzinza. Grant alikuwa mchoraji hodari, tena mtu mwenye subira. Kitabu cha Speke kilichotolewa mwaka 1863 kilipambwa kwa picha za Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London, ambaye kwa sehemu kubwa alifuata michoro ya Grant. Ukizilinganisha picha za Zwecker na maelezo ya Grant mwenyewe unaona kitu cha ajabu. Grant wa maneno anaona kijiji: watu wanapura nafaka, wanakunywa pombe, wanacheza. Zwecker anaona jukwaa. Miili imepangwa mbele ya mtazamaji kama waigizaji, na wote wanaelekea upande wetu sisi tunaofungua kitabu. Simlaumu Zwecker, aliifanya kazi aliyolipwa. Ila mwanafunzi asimchukulie kuwa shahidi.

Henry Morton Stanley alipitia bonde la Simiyu mwanzoni mwa mwaka 1875, akafika Kageyi ukingoni mwa ziwa tarehe 27 Februari. Kwa wenyeji wa Bariadi safari hii ina uzito wa pekee, kwani Stanley aliuandika mto wao kwa tahajia ya Shimeeyu na kuutangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Wanajiografia wa baadaye waliipa heshima hiyo Kagera na mikono yake, lakini kwa miaka michache mto ambao wakati wa kiangazi mtu huuvuka kwa miguu mikavu ulikuwa mada ya mjadala London. Stanley alikuwa na kamera, na baadhi ya picha za kitabu chake cha mwaka 1878 zilichongwa kutokana na picha alizopiga mwenyewe. Kwa hiyo tungetarajia ushahidi bora zaidi.

Lakini tutazame kalenda. Januari na Februari ni miezi ya jembe. Manju yuko shambani na kikundi chake, wakilima kwa zamu na kuimba. Mashindano ya uwanjani yako mbali kwa miezi minne au mitano. Yeyote atakayetumia safari ya Stanley kuthibitisha kwamba Wasukuma wa bonde la Simiyu hawakuwa na sherehe kubwa, atakuwa amesahau kuuliza mwezi. Hili ni kosa la mbinu ambalo nimeliona mara nyingi katika tasnifu: tunaandika mwaka wa chanzo kwa uangalifu mkubwa, tunaacha mwezi. Katika jamii ya wakulima, mwezi unaeleza mengi kuliko mwaka.

Stanley alirudi katika kiangazi cha 1889, safari hii akiwa na Emin Pasha, na yakatokea mapigano kati ya msafara wake na Wasukuma ambamo bunduki ya Maxim ilitumika. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1890 na kusomwa katika lugha nyingi. Tangu hapo umati wa Wasukuma wenye manyoya kichwani na mikuki mkononi ulikuwa na maana moja tu machoni pa msomaji wa Ulaya. Manyoya hayohayo na mikuki hiyohiyo ni mavazi ya uwanja wa ngoma. Oscar Baumann, aliyepita nchi za mashariki ya ziwa mwaka 1892, alikuta sotoka imeteketeza ng'ombe na Wamasai wanakufa kwa njaa. Mwaka kama huo usitarajie picha za sherehe. Paul Kollmann, afisa wa jeshi la Wajerumani, alitoa kitabu chake mwaka 1898 wakati teknolojia ya kuchapa picha za kamera moja kwa moja ilikuwa imekwisha kuwaondoa wachongaji kazini. Kwake tunapata vitu, kwa maana halisi: ngao, mikuki, vinanda, mapambo, kila kimoja kimetengwa na mwenyewe kama bidhaa dukani.

Hapa ndipo maduara mawili yanaporudi. Katika picha za chapa za ngoma za bara nilizozipitia, duara ni moja. Kuna wachezaji katikati, kuna watazamaji waliowazunguka, na mchoro umefungwa. Haikuwa hila. Sanaa ya uchongaji ya wakati ule ilidai kitovu kimoja. Jicho la mtazamaji lilipaswa kupata pa kutua. Shindano la Wagika na Wagalu halina kitovu kimoja. Habari yake yote iko katika nafasi kati ya maduara, pale mtu mmoja anapogeuza kichwa, kisha wawili, kisha mia. Nafasi hiyo mchongaji aliijaza majani, au aliiacha nyeupe. Alichokichora ni ngoma, alichokiacha ni shindano, na pamoja na shindano likaondoka wazo kwamba watu hawa walikuwa wakihukumu, wakichagua, wakimwacha manju maarufu kwa kuwa tungo zake zimechakaa.

Ndiyo maana maelezo ya dansi ya vita yalipata urahisi wa kukaa chini ya picha za namna hii. Duara moja, mikuki, vumbi: mhariri angeandika nini kingine?

Tunao mashahidi wa namna nyingine, nao hawakutumia picha. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alizieleza ngoma za pwani kwa majina yake, moja baada ya nyingine, na nani huicheza na kwa gharama gani. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, ambamo Simiyu unamwaga maji yake, Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mzee sana. Kitereza haonyeshi umati kutoka nje. Anajua nani amekunywa pombe ya nani. Kwa anayetafuta sherehe ya nchi za ziwa kabla ya ukoloni, kurasa za Kitereza zinafaa kuliko chapa zote nilizozitaja, na inasikitisha kwamba tunaendelea kumsomesha kama riwaya peke yake. Elias Songoyi naye, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1990, alimchukua Kalikali na Mwinamila kuwa watunzi wenye majina, wenye msimamo mbele ya dola, akavunja mazoea ya kuandika kwamba Wasukuma huimba hivi au vile kana kwamba wimbo haukutungwa na mtu.

Sherehe yenyewe haikungoja watafiti. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada aliyaingiza mashindano ya ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, na tamasha la Bulabo, ambalo jina lake linatokana na maua ya maandamano, likawa kubwa kila mwezi Juni. Jumba la makumbusho la Wasukuma likafunguliwa hapo mwaka 1968. Kwa upande wa mashariki mambo yalichukua njia ya kiserikali. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, makao makuu yakawa Bariadi. Mwaka 2018 maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yakafanyika katika viwanja vya Nyakabindi, na mji ukaanza kufanya tamasha la Simiyu Jambo lenye mbio za baiskeli na mashindano ya Wagika na Wagalu. Tazameni tarehe: Juni, Julai, Agosti. Kanisa, serikali na wadhamini wamebadilishana uwanja, lakini ghala la mkulima wa pamba na mtama ndilo linaloendelea kupanga ratiba. Nalitaja pia neno tamasha, ambalo tumelipokea kutoka Mashariki kupitia bahari na ambalo asili yake ni kutazama. Mbina haikuwa ya kutazama tu. Pale majaji wenye kalamu na karatasi wanapoketi chini ya hema na kutoa alama, mtazamaji amenyang'anywa kura yake ya miguu, na shindano limekuwa duara moja, kama lile la Zwecker. Mimi nalihesabu badiliko hili kuwa kubwa kuliko kipaza sauti, kubwa hata kuliko fulana za wadhamini, ambazo ndizo zinazolalamikiwa zaidi.

Nimalizie na kazi iliyo mezani petu. Picha hizi za chapa sasa zinapatikana kwa urahisi. Zinatiwa katika vitabu vya kiada, katika kuta za hoteli, katika mabango ya matamasha yenyewe, na wanafunzi wetu ndio wanaoombwa kufasiri maelezo yake kwa Kiswahili. Pendekezo langu ni kwamba tusiyafasiri. Maelezo ya mwaka 1863 ni sehemu ya picha ya mwaka 1863. Yaachwe katika lugha yake, na chini yake yaandikwe mapya. Maelezo hayo mapya yataje mchoraji, mchongaji akijulikana, na mchoro wa awali ulikotoka. Yataje mwezi. Yatumie mbina panapostahili mbina na ng'oma panapostahili ng'oma, nasi tulikubali neno mbina katika kamusi ya Kiswahili sanifu kama tulivyokwisha kuikubali bugobogobo katika mazungumzo. Na kabla ya kuandikwa, picha ipelekwe Bariadi, Maswa na Meatu ikaonyeshwe kwa wazee wa Wagika na wa Wagalu, kila upande peke yake, kwa Kimunakiiya, ambacho ndicho Kisukuma cha mashariki, na si kwa Kiswahili cha mfasiri aliyekaa katikati. Majibu ya pande mbili yakitofautiana, yachapwe yote mawili, kushoto na kulia mwa picha.